Goti Lililoshonwa na Woga Wake

Hapa Kakuma mtu akifanyiwa upasuaji wa goti, halafu mwaka ukapita na bado anatembea akichungulia ardhi kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, maneno ya watu huwa mawili. Wengine wanasema daktari alimharibu. Wengine wanasema ni mwoga, anajidekeza. Mimi ni mfanyakazi wa vijana, nasaidia kusimamia ligi ndogo ya mpira, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko filimbi ya refa. Nataka kuongeza neno la tatu, nalo ni la historia. Woga huo una umri wake. Kuna miaka ambayo ulipandwa, na waliosaidia kuupanda walikuwa madaktari wenyewe, tena kwa nia nzuri kabisa. Kuna mwaka ambao ulipewa jina. Na watu wa magoti walichelewa sana kuulizwa kama wanao.

Katika ligi yetu kuna kijana ambaye nitamwita Namba Sita, kwa sababu ndiyo jezi aliyokuwa anavaa. Kiungo mkabaji, Mkongomani kama mimi, mtu wa kelele uwanjani. Aliumia peke yake. Alikimbia, akataka kugeuka ghafla, mguu ukabaki umenata ardhini na mwili ukazunguka. Tulisikia mlio kama kijiti kikavu. Baadaye nilisoma kwamba majeraha mengi ya aina hii hutokea hivyo hivyo, bila mtu kugongwa na mwenzake. Kaka yake aliye ng'ambo alituma pesa, kanisa likachanga, mama yake akauza mbuzi wote, akapelekwa Nairobi. Daktari alifanya kazi nzuri, na mwaka mmoja baadaye akamwambia goti liko imara. Sasa ni miezi kumi na tisa. Hakimbii. Akishuka laga anashuka kwa ubavu, mguu mzima kwanza, mkono umeshika hewa. Siku moja aliniambia, "Kocha, hii goti iko sawa. Mimi ndio siko sawa nayo."

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Ndani ya goti kuna kamba mbili fupi, ngumu, zinazopishana kama msalaba. Zinaunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ile ya mbele ndiyo watu wa mpira wanaiita ACL. Tuseme ligamenti ya msalaba ya mbele. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisijizungushe kupita kiasi. Ukitembea barabara nyoofu unaweza usiihitaji sana. Ukigeuka ghafla, ukiruka na kutua, ukishuka mteremko wa mawe, hapo ndipo inaitwa kazini. Ikikatika, mara nyingi haijiungi vizuri, na kuishona ncha kwa ncha hakukudumu kwa wengi. Ndiyo maana madaktari wanachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mtu huyo huyo, ama ile iliyo chini ya pia ya goti, ama zile za nyuma ya paja, wanaipitisha kwenye matundu waliyotoboa mfupani, inakuwa ligamenti mpya.

Kufika hapo kulichukua muda mrefu. Mwaka 1895, mjini Leeds, Uingereza, daktari Arthur Mayo Robson alimpasua mchimba mgodi wa miaka 41 akazishona ligamenti zake za msalaba. Habari zake alizichapisha mwaka 1903, akieleza kwamba yule mtu alirudi kazini. Nafurahi kwamba mgonjwa wa mwanzo anayetajwa sana katika historia hii hakuwa mchezaji. Alikuwa mtu wa sururu, goti lake ndilo lililokuwa linaleta chakula nyumbani. Mwaka 1917, dunia ikiwa vitani, Ernest Hey Groves wa Bristol alijaribu jambo jipya: badala ya kushona kamba iliyokatika, alichukua ukanda wa utando mgumu wa ubavuni mwa paja akautumia kama ligamenti. Wazo la kuazima sehemu moja ya mwili kwenda kusaidia nyingine limekaa mpaka leo.

Sasa sikilizeni kilichofuata baada ya kisu, kwa sababu hapo ndipo woga ulipoanza kufundishwa. Kwa miongo mingi sheria ilikuwa moja: tulia. Mguu ulifungwa plasta ngumu kwa wiki sita hivi, mara nyingine zaidi, kisha magongo, kisha vyuma vya kushikilia goti, kisha miezi ya kuambiwa polepole, usikunje, usinyooshe, usikanyage kwa nguvu. Mantiki yake inaeleweka. Kamba mpya ni dhaifu, basi ilindwe. Lakini plasta ikikatwa, mtu alikuwa anakuta paja limekonda kama la mtoto, kiungo kimekauka, na kila jaribio la kukunja linauma. Mwili uliofundishwa wiki sita kwamba kukunja goti ni hatari hausahau siku ambayo plasta inatoka. Mwalimu wa somo hilo alikuwa amevaa koti jeupe, na nani angembishia?

Wapenzi wa mpira wa zamani wanamjua Brian Clough kama kocha aliyechukua Kombe la Ulaya mara mbili na Nottingham Forest, 1979 na 1980. Wachache wanajua kwa nini alikuwa kocha mapema namna ile. Alikuwa mshambuliaji wa hatari: mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Tarehe 26 Desemba 1962, akiichezea Sunderland dhidi ya Bury, aligongana na kipa, ligamenti za goti zikakatika. Alikuwa na miaka 27. Alirudi mwaka 1964 kwa mechi tatu tu, akafunga bao moja, akaacha akiwa na miaka 29. Wakati ule jeraha hili lilikuwa karibu sawa na barua ya kuachishwa kazi. Na mwaka uliofuata baada ya kuumia kwake, yaani 1963, daktari wa Marekani Kenneth Jones alichapisha namna yake ya kutumia theluthi ya katikati ya kano iliyo chini ya pia ya goti, njia ambayo baadaye ilienea sana.

Upasuaji ukaendelea kuwa bora. Zikaja kamera ndogo za kuingia ndani ya goti kwa tundu dogo, vidonda vikawa vidogo. Plasta ndiyo ilichelewa kuondoka.

Aliyesaidia kuiondoa alikuwa Donald Shelbourne, daktari wa Indianapolis, na hapa huwa nacheka. Katika miaka ya 1980 alikuwa anawapa wagonjwa wake masharti makali kama wenzake. Alipofuatilia maendeleo yao akagundua kwamba wale wasiosikia, wale waliotupa magongo mapema na kukanyaga na kunyoosha mguu kabla ya ruhusa, walikuwa wanaendelea vizuri kuliko wale watiifu, na magoti yao hayakulegea. Daktari mwingine angewagombeza. Yeye akawafuata. Mwaka 1990, pamoja na Paul Nitz, alichapisha mpango wa mazoezi ya haraka: goti linyooshwe kabisa tangu siku za mwanzo, mtu akanyage mapema, kazi ya misuli ianze. Leo mtu akifanyiwa upasuaji huu, mazoezi huanza ndani ya siku chache. Watundu wa Indianapolis wamewasaidia watu wengi sana, na majina yao hayapo popote.

Mwaka ule ule wa 1990, kwa watu tofauti kabisa waliokuwa wanashughulika na maumivu sugu, woga wenyewe ulipata jina. Kori, Miller na Todd walitumia neno kinesiofobia. Ni maneno mawili ya Kigiriki, mwendo na woga. Walikuwa wanaeleza mtu ambaye anaogopa kusogea kupita kiasi kwa sababu anajiona ni dhaifu na ataumia tena. (Sisi ambao tukitaka kutoka kambini lazima kwanza tuombe kibali cha kusafiri, tukisikia "woga wa mwendo" tunatabasamu kidogo. Lakini tuendelee.) Kikatengenezwa na kipimo, kinaitwa kwa jina la mji wa Tampa, Florida. Kina sentensi 17. Mtu anasema anakubaliana na kila moja kiasi gani, kutoka 1 mpaka 4, kwa hiyo jumla haiwezi kushuka chini ya 17 wala kupita 68.

Kule mwanzo kipimo hiki kilikuwa cha watu wa mgongo. Johan Vlaeyen na wenzake huko Uholanzi walikitumia mwaka 1995, na kutokana na kazi za watu kama yeye tukapata picha ya mzunguko ambao nadhani kila mmoja wetu ameuona bila kuujua. Mtu anaumia. Anayasoma yale maumivu kama habari ya hatari. Anaacha kusogeza sehemu ile. Misuli inalegea. Siku akilazimika kusogea inauma zaidi, naye anasema: si mnaona? Nilijua. Kila mara anapokwepa, woga unapata ushahidi mpya, kwa sababu hajawahi kukaa pale muda wa kutosha aone kwamba hakuna kilichokatika.

Wa magoti waliulizwa lini? Mwaka 2005 Joanna Kvist na wenzake wa Sweden walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wamekaa miaka mitatu hadi minne tangu upasuaji wa ligamenti hii. Asilimia 53 walikuwa wamerudi kwenye kiwango chao cha zamani cha michezo na shughuli. Wale ambao hawakurudi walikuwa na woga mwingi zaidi wa kuumia tena. Tangu Robson amshone yule mchimba mgodi ilikuwa imepita miaka 110. Mwaka 2008, huko Melbourne, Australia, Kate Webster, Julian Feller na Christina Lambros wakatoa dodoso la watu wa ligamenti hii peke yake, maswali 12, kuhusu hisia, kujiamini, na namna mtu anavyoiona hatari ya kurudi uwanjani. Na mwaka 2014 Clare Ardern na wenzake walikusanya tafiti 69 zenye watu zaidi ya 7,000: asilimia 81 walirudi kwenye mchezo wowote ule, asilimia 65 walirudi kwenye kiwango cha kabla ya kuumia, na asilimia 55 tu walirudi kwenye mashindano.

Hizo ni nchi zenye mashine, mabwawa ya kuogelea na wataalamu wa mazoezi ya viungo karibu na nyumbani. Bado karibu nusu hawakurudi mashindanoni. Nikimsomea Namba Sita takwimu hiyo alinyamaza, halafu akauliza, "Kumbe na wazungu?" Ndiyo, na wazungu.

Hata matajiri. Derrick Rose wa Chicago Bulls alikuwa mchezaji bora wa ligi ya NBA mwaka 2011 akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo. Aprili 2012 ligamenti ya goti la kushoto ilikatika. Mwaka uliofuata habari zilitoka kwamba madaktari wamemruhusu kucheza, lakini msimu ukaisha bila yeye kukanyaga uwanja. Watu wa mji wake mwenyewe walimsema vibaya sana, eti anaogopa, eti analipwa bure. Alirudi msimu uliofuata, na Novemba 2013 akaumia goti la kulia, lile ambalo halikuwa limepasuliwa. Siku hizi nikisikia mtu anamwita mchezaji mwoga kutoka kwenye kivuli cha mti, namkumbuka Rose.

Mashabiki wa Chelsea hapa kambini, ambao ni wengi na hawachoki, wataniletea Michael Essien. Kweli. Septemba 2008, akiichezea Ghana dhidi ya Libya, ligamenti ile ile ilikatika. Machi 2009 alikuwa amerudi na kufunga dhidi ya Juventus, na Mei akapiga lile kombora la mguu wa kushoto dhidi ya Barcelona. Miezi sita kutoka kuumia hadi kufunga! Sisi tunasema huyo ndiye mwanaume. Lakini mwaka 2011 mazoezini goti lilimwangusha tena. Sisemi lilimwangusha kwa sababu aliharakisha mara ya kwanza, miaka mitatu ilikuwa imepita. Nasema tu kwamba hadithi ya ushujaa tunapenda kuikata pale inapopendeza.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa wanaonisoma wakitaka nimwambie Namba Sita "ondoa woga, kimbia." Woga huu si wa kichwani tu. Ligamenti ya asili ina ncha za neva ambazo zinaiambia akili goti liko wapi, limekunjwa kiasi gani, linavutwa upande gani. Kamba mpya inapopandikizwa haiji na mawasiliano hayo kamili. Mtu anasema "silisikii goti langu," tunadhani ni methali, kumbe anaeleza jambo la mwili. Tena goti likivimba, mwili wenyewe unaizima kwa sehemu misuli ya mbele ya paja. Mtu anaiamuru ikaze, inagoma, na si kwamba hataki. Kwa hiyo asipoliamini goti lake anaweza kuwa anasoma habari za kweli.

Tena subira ina faida yake. Mwaka 2016 Hege Grindem na wenzake, wakifuatilia watu wa Norway na Marekani, waliona kwamba kila mwezi ambao mtu alichelewesha kurudi kwenye michezo ya kugeuka-geuka, mpaka mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena goti ilipungua kwa asilimia 51. Basi woga unaomzuia mtu mwezi wa tano unamsaidia. Ule wa mwezi wa kumi na tisa ni kitu kingine. Na kukaza meno ukarudi nao uwanjani pia si dawa. Mwaka 2018 Mark Paterno na wenzake wa Marekani walipima woga wa vijana waliokuwa wanaruhusiwa kurudi michezoni. Waliokuwa na woga mwingi walionekana na hatari mara 13 zaidi ya kukata ligamenti tena ndani ya miaka miwili. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo nisiichukue namba hiyo kama sheria. Lakini maelezo yake yana mantiki: anayeogopa hutua akiwa amekakamaa, mguu umenyooka kama mti, na mguu mkavu haunyonyi kishindo.

Hayo yote yaliandikwa mbali. Sasa niyalete hapa, penye vumbi letu.

Dodoso nyingi zinauliza kuhusu michezo. Hapa michezo ni sehemu ndogo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa ni kulikunja goti mpaka mwisho kabisa, mara kadhaa kwa siku, gizani, kwenye sakafu yenye maji. Namba Sita miezi ya kwanza alikuwa anapunguza kula ili asiende mara nyingi. Hilo hakumwambia daktari, kwa sababu hakuulizwa. Maji ni jerikeni la lita ishirini, na mwenye kubeba lita ishirini upande mmoja anayaongezea magoti yake kazi. Kanisani tunapiga magoti, msikitini wanasujudu. Mama mmoja wa block ya jirani ambaye naye goti lake liliumia, si kwa mpira bali kwa kuanguka usiku wakikimbia kutoka kijijini kwao Fizi, aliniambia haogopi maumivu. Anaogopa siku ambayo watu watakimbia tena naye abaki. Sijui kipimo gani kina swali hilo.

Halafu kuna hesabu ya pesa. Mama yake Namba Sita ni mtu mpole, lakini siku tuliyomkuta na mpira miguuni alitoka nje na kusema, "Mwanangu, huo mguu tulishaununua mara moja. Hatuna pesa ya kuununua tena." Mchezaji wa Ulaya akikata kamba mara ya pili ana bima. Huku ya pili haipo. Mtu akilijua hilo kila hatua inakuwa kama amebeba sahani ya kuazima. Siwezi kumwambia mama huyo woga wake hauna msingi. Una msingi, tena wa mbuzi wote waliouzwa.

Nawasemea pia wenzangu wa mashirika, kwa heshima. Kwenye fomu nyingi swali ni moja: anatembea? Akitembea, faili linafungwa. Namba Sita anatembea. Alipewa karatasi ya mazoezi kwa Kiingereza yenye picha mbili, ya tatu wino ulikwisha, na kurudi kuonwa tena kulitaka kibali, nauli na siku tatu za njia. Sitaji ofisi, na sidhani kuna mtu alikusudia ubaya. Lakini kama dunia ilichukua miaka 110 kuuliza mgonjwa wa goti kama anaogopa, sisi hatuna sababu ya kusubiri. Kuuliza ni bure. Hakuhitaji mashine.

Kinachofanyika baada ya kuuliza nacho si cha gharama. Njia ambayo Vlaeyen na wenzake waliijaribu kwa watu wa mgongo ni kumpeleka mtu ngazi kwa ngazi kwenye kile anachokiogopa. Anataja mambo anayoyaogopa, anayapanga kutoka dogo hadi kubwa, anaanza na dogo, analirudia mpaka linamchosha. Sisi tulikaa na Namba Sita na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa zahanati, tukaandika kumi. La kwanza lilikuwa kusimama kwa mguu ule peke yake akiwa ameshika ukuta. La nne, kuchuchumaa mchana kwenye ardhi kavu. La saba, kushuka laga uso ukiangalia mbele. La kumi ni kugeuka kwa kasi akiwa na mpinzani. Tuko la sita. Tulikaa la tano wiki saba, na mimi siioni kuwa nyingi.

Jambo moja zaidi kwa wale ambao hawatapasuliwa kamwe, na hapa ndio wengi. Mwaka 2010 Richard Frobell na wenzake wa Sweden walichapisha utafiti wa vijana na watu wazima 121 waliokata ligamenti hii. Nusu walipasuliwa mapema na kupewa mazoezi. Nusu nyingine walianza na mazoezi tu, wakipasuliwa baadaye kama ingebidi. Baada ya miaka miwili hali zao kwa wastani hazikutofautiana, na katika wale 59 wa kundi la mazoezi kwanza, 36 walikuwa hawajapasuliwa. Sisemi upasuaji hauna maana, kuna magoti yanayouhitaji kweli. Nasema kijana anayekaa kitandani akisubiri kaka wa ng'ambo asidhani maisha ya goti lake yamesimama mpaka pesa ije. Paja lake linaweza kuanza kazi leo.

Yale maswali 12 ya Melbourne tumejaribu kuyaweka kwa Kiswahili, jioni, chini ya mti, vijana wanne na mtaalamu wa zahanati. Si tafsiri rasmi. Tulibishana sana juu ya neno moja. Wakenya katika kundi walitaka "uoga," mmoja wa Bukavu akasema neno hilo linamtukana mtu, tuandike "hofu." Mama wa Fizi, ambaye tulimwita atusaidie, alisema hofu ni ya Mungu na vita, goti ni "wasiwasi." Namba Sita alisikiliza wote, akachukua kalamu akaandika, "Unaliamini goti lako kiasi gani?" Tumeliacha hivyo. Karatasi ziko ofisi ya vijana, Jumanne na Alhamisi mchana. Tumeongeza swali la kumi na tatu, la choo. Mwenye goti aje, aliyepasuliwa na ambaye hajapasuliwa, na akija na mama yake kuna benchi.